Mkono Uliopiga na Sauti Iliyosikika: Namna Tunavyorekodi Ala za Kompyuta

Mpigaji wa kinanda anapobonyeza kitufe cha kibodi iliyounganishwa na kompyuta, kitufe hicho hakitoi sauti yoyote. Kinatuma taarifa fupi: nota ipi imeguswa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini. Programu iliyomo ndani ya kompyuta ndiyo inayoipokea taarifa hiyo na kuzalisha sauti ya piano, fidla, gitaa la besi au ngoma. Akirekodi, faili inayohifadhiwa kwa kawaida hubeba zile taarifa peke yake. Sauti aliyoisikia alipokuwa akipiga haimo.

Karibu kila tatizo la studio linalohusu ala za kompyuta linaanzia hapo. Kwa nini mpigaji aliyekomaa kwenye bendi anasikika ameyumba akirekodiwa na kompyuta? Kwa nini taarabu iliyopigwa kwa programu ghali inakosa ladha yake? Kwa nini wimbo wa miaka kumi iliyopita haufunguki tena? Maprodyuza wengi hutafuta jibu kwa kuongeza programu mpya. Mimi naona kasoro iko kwingine. Mtu anapopiga ala ya kompyuta anafanya onyesho la muziki, sawa na anayepiga udi au saksafoni mbele ya maikrofoni, lakini studio zetu zimezoea kuuchukulia upigaji huo kama rasimu ya kusahihishwa baadaye. Tukiupa hadhi yake ya onyesho, namna tunavyoandaa kompyuta, tunavyorekodi, tunavyosahihisha na tunavyohifadhi itabadilika.

Wazo la kuhifadhi mkono badala ya sauti limeitangulia kompyuta kwa miongo mingi. Mwaka 1904 kampuni ya Welte ya Freiburg, Ujerumani, ilitoa Welte-Mignon, mfumo ulionasa upigaji wa mtu kwenye karatasi ndefu yenye matundu, kisha piano ikaurudia peke yake, pamoja na kupanda na kushuka kwa nguvu za vidole. Gustav Mahler na Claude Debussy ni miongoni mwa watunzi waliopiga mbele ya mtambo huo. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland, kimoja kikapigwa na kingine kikaitika. Ndivyo MIDI, mkataba wa namna ala zinavyotumiana taarifa za nota, ilivyojitambulisha hadharani. Dave Smith na Ikutaro Kakehashi, waliousukuma mkataba huo kati ya kampuni zilizokuwa zikishindana, walitunukiwa Grammy ya ufundi mwaka 2013. Mwaka 1996 Steinberg ya Ujerumani ikaleta VST, utaratibu wa kuchomeka programu za kuchakata sauti ndani ya Cubase, programu yake ya kurekodi muziki, na mwaka 1999 ukapanuliwa ili ala nzima ziweze kukaa humo. Tangu hapo kinanda kilichojaa meza kikageuka kuwa faili, na kijana mwenye kompyuta moja akapata okestra.

Urahisi huo una gharama zake, na ya kwanza ni kuchelewa kwa sauti. Hapo ndipo maonyesho mengi yanapoharibikia, wakati mwingine kabla ya nota ya kwanza kurekodiwa.

Kompyuta huzalisha sauti kwa mafungu. Sauti ya kawaida ya kidijitali ina sampuli 44,100 katika kila sekunde, na kompyuta hukusanya idadi fulani ya sampuli hizo, fungu ambalo mafundi huliita bafa, kabla ya kuzitoa kwenye spika. Bafa ya sampuli 128 inachukua milisekunde 2.9. Ya 512 inachukua 11.6, na ya 1,024 inafika 23.2. Juu ya hapo kuna muda wa kibodi kutuma taarifa, muda wa kadi ya sauti kuzigeuza namba kuwa umeme, na muda wa zile programu zinazolazimika kuichungulia sauti ijayo kabla ya kufanya kazi, kama limita nyingi zinazowekwa mwishoni ili wimbo upae.

Je, muda huo ni mrefu? Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kukaa mita 3.4 kutoka kwenye spika. Wanamuziki wa bendi huvumilia umbali huo jukwaani kila usiku. Hatari inaanza muda unapopita hapo, na inakua kadiri kasi ya wimbo inavyopanda. Tazama singeli, muziki wa Dar es Salaam ambao mkusanyiko wa nyimbo wa Sounds of Sisso uliupeleka mbali mwaka 2017, na ambao mapigo yake hupita 200 kwa dakika na kukaribia 300. Katika mapigo 240 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 250 na robo ya pigo milisekunde 62.5. Kuchelewa kwa milisekunde 12, ambako mpigaji wa wimbo wa mapenzi wa polepole hatakuhisi, hapa kunakula karibu sehemu ya tano ya robo hiyo. Anayepiga singeli kwa vidole kwenye kompyuta iliyoelemewa anapambana na mashine zaidi kuliko mwanamuziki wa aina nyingine yoyote ya muziki wetu, na inastahili heshima kwamba wapo wanaoiweza kazi hiyo.

Lipo jambo la hila zaidi ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mpigaji mwenye sikio zuri hakubali kusikia nota yake imechelewa. Bila kujijua, mkono wake unajifunza kuwahi: anabonyeza mapema kidogo ili sauti itoke sawasawa na metronomu. Lakini kompyuta inaandika wakati wa kubonyeza, haiandiki wakati wa kusikia. Wimbo unaporudiwa, programu inayajua mapigo yote mapema na inaweza kuilinganisha kila traki, basi nota zote za mpigaji yule zinatokea mbele ya pigo. Prodyuza anasikia mtu mwenye papara. Anamlaumu mpigaji, ananyoosha nota zote kwa mashine, na ule ushahidi kwamba tatizo lilikuwa la kompyuta unafutika. Mwanamuziki anarudi nyumbani akiamini kwamba ameshindwa na studio. Udhalimu wa namna hii, hata kama haukukusudiwa, umewakatisha tamaa watu wenye vipaji vikubwa, na ndiyo maana nausisitiza.

Dawa yake haihitaji fedha nyingi. Wakati wa kurekodi weka bafa ndogo, 64 au 128 kama kompyuta inaweza. Wakati wa kuchanganya sauti iongeze utakavyo, kwa sababu hapo hakuna mkono unaosubiri. Kompyuta ikikwama, zigeuze traki zilizokwisha ziwe sauti kamili ili zisiendelee kuitumikisha, na zima kila kilichowekwa kwenye mkondo mkuu. Anayetumia Windows ahakikishe anapita kwenye draiva ya ASIO, utaratibu ambao Steinberg iliuleta mwaka 1997 kwa sababu hii hii, badala ya njia ya kawaida ya mfumo. Vipokea sauti visivyo na waya vikae mbali kabisa na kazi hii: Bluetooth peke yake inaweza kuongeza milisekunde 100 na zaidi, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kupiga vizuri kwa kuchelewa huko.

Baada ya wakati inakuja nguvu. MIDI ya mwaka 1983 inaipa kila nota kipimo cha nguvu kutoka 1 hadi 127, na programu nzuri za ala hutumia kipimo hicho kuchagua kati ya rekodi kadhaa za ala halisi: piano iliyoguswa polepole, iliyopigwa kwa kadiri, iliyopondwa. Kibodi ya bei nafuu yenye vitufe vyepesi haiwezi kumsaidia mpigaji kufika kwenye ngazi zote hizo. Nyingi hurukia nguvu za juu mno, na piano yote inasikika kama imepigwa kwa hasira. Kila kibodi inayostahili jina hilo, na karibu kila programu, ina mahali pa kurekebisha mkunjo wa nguvu uendane na vidole vya mtu. Dakika tano za kufanya hivyo kabla ya kurekodi zina faida kuliko saa nzima ya kupunguza nota moja moja kwa kipanya. Kwa bahati mbaya, ni hatua ambayo maprodyuza wengi huiruka.

Kwa ala zinazovuta sauti, kama fidla, nai au akodiani, nguvu ya kuanzia nota haitoshi hata kidogo. Fidla hukua na kufifia ndani ya nota moja. Kwenye programu nyingi za okestra kukua huko kunaongozwa na gurudumu lililo kushoto mwa kibodi au na kanyagio la mguu, na mpigaji anayeujua muziki wake hupiga nota kwa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukiipandisha na kuishusha pumzi ya ala. Nimesikia traki nyingi mno za fidla zilizorekodiwa kwa mkono mmoja, zimesimama wima kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha zikafunikwa na mwangwi mwingi ili ukavu wake usionekane. Taarabu ya kisasa, ambayo tangu miaka ya 1990 imekabidhi kinanda kazi iliyokuwa ya safu nzima ya fidla, inadhurika zaidi na uzembe huu. Mpigaji aliyebeba kazi ya watu kumi apewe angalau kanyagio, na apewe muda wa kurekodi pumzi ile pamoja na nota, katika mpigo mmoja. Ikichorwa baadaye kwa kipanya, sikio linatambua.

Suala la sauti zenyewe ndilo zito kuliko yote kwetu sisi wa pwani. MIDI huzihesabu nota kwa namba, kutoka 0 hadi 127, na kila namba ni nusu toni ya piano. Taarabu kongwe ya Zanzibar, ile iliyotunzwa na Ikhwani Safaa tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, ilikulia katika maqam, mifumo ya nota ya muziki wa Kiarabu. Katika maqam ya Rast, nota ya tatu inakaa mahali fulani kati ya mbili za piano. Katika Bayati ni nota ya pili. Mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ana vitegemeo vidogo vya chuma vya kuinulia au kuteremshia uzi kwa kiasi hicho, na mpiga fidla au udi anaipata kwa kidole. Kibodi ya kawaida haina mahali pake.

Watengenezaji waliliona soko hilo zamani, na kampuni kama Yamaha na Korg zimetoa vinanda vya mashariki vyenye vitufe vya kushusha nota fulani kwa robo toni. Wapigaji wengi wa taarabu na wa muziki wa Kiarabu huvifahamu vizuri. Tatizo linatokea kinanda hicho kinapounganishwa na kompyuta ili kiongoze ala ya programu. Kile kitufe cha robo toni kinabadilisha sauti ya kinanda chenyewe. Kinachopita kwenye waya kwa kawaida ni namba ya nota tu. Mpigaji amebonyeza E iliyoteremshwa, kompyuta imepokea E kamili. Faili iliyorekodiwa haina Rast tena, na anayeifungua hana njia ya kujua kwamba iliwahi kuwamo.

Njia za kuliepuka hilo zipo. Gurudumu la kupinda sauti lina hatua 16,384, zaidi ya kutosha kwa robo toni, ila linapinda nota zote za mkondo mmoja kwa pamoja, kwa hiyo linafaa kwa ala inayopiga nota moja moja. Utaratibu wa MPE, uliopitishwa rasmi mwaka 2018, unakipa kila kidole mkondo wake na hivyo kila nota inaweza kupinda peke yake. MIDI 2.0, iliyotangazwa Januari 2020, imekwenda mbali zaidi na kuongeza ngazi za nguvu kutoka 127 hadi zaidi ya 65,000. Mwaka 2021 mwanamuziki Khyam Allami na wenzake wa Counterpoint walitoa Apotome na Leimma, programu za bure zinazofanya kazi kwenye kivinjari cha intaneti, zilizojengwa makusudi kwa mifumo ya sauti isiyo ya Ulaya. Programu ya kurekodi ya Ableton Live, toleo la 12 lililotoka mwaka 2024, lilileta mifumo ya upangaji sauti ndani ya programu yenyewe, na Logic Pro kwa miaka mingi imekuwa na ukurasa wa kuteremsha au kupandisha kila nota kwa senti, yaani sehemu za mia za nusu toni.

Pamoja na zana zote hizo, bado nasikia maprodyuza wakisema watapinda sauti baadaye. Hapana. Mkono hufuata sikio. Mpigaji anayesikia nota ya tatu ya piano wakati anapiga Rast atabadilisha mapambo yake, ataikwepa nota ile, atakaa zaidi kwenye nota salama. Na kuna mtu mwingine anayesikiliza, naye ni mwimbaji. Akiimba juu ya kinanda chenye nota za piano, koo lake linahamia huko. Nota zetu zinaweza kupotea kwa njia hii ndani ya kizazi kimoja, bila mtu yeyote kuamua kuzifukuza. Mfumo wa sauti upangwe kabla mpigaji hajakaa kwenye kiti, kwa kumsikilizisha mzee anayejua maqam, kwa sababu hata robo toni kamili iliyoandikwa kwenye vitabu si lazima iwe ile inayopigwa Zanzibar.

Tumefika kwenye kunyoosha nota, ambako maprodyuza hukuita kukwantaizi. Roger Linn aliiweka kazi hiyo kwenye mashine yake ya ngoma ya LM-1 ya mwaka 1980, pamoja na uwezo wa kuichelewesha kila nota ya pili ili mdundo uyumbe kidogo, na mashine ya MPC60 ya mwaka 1988 ikaueneza mtindo huo duniani kote. Chombo chenyewe sikilaumu. Muziki wa klabu unaotaka ngoma ya chuma unanyooshwa kwa haki. Malalamiko yangu yanahusu mazoea ya kunyoosha kila kitu, palepale, kabla hata ya kusikiliza.

Gridi ya programu inaligawa pigo kwa mbili, nne, nane. Chakacha na ngoma nyingi za kwetu hutembea kwa sita, na mara nyingi watu wawili wanapiga tatu dhidi ya mbili kwa wakati mmoja. Ukimnyoosha mpigaji wa chakacha kwa gridi ya robo, nota zake zinavutwa kwenda mahali ambapo hakuna mchezaji atakayeweka mguu. Ukimnyoosha kwa gridi ya tatu unamkaribia, lakini bado unaondoa ule mvutano wa kati ya mkono na mkono unaowainua watu vitini. Hata programu zenyewe zina ukomo wake: ikiwa pigo limegawanywa mara 96, kama FL Studio inavyoanza isipobadilishwa, basi katika mapigo 120 kwa dakika hatua moja ni milisekunde 5.2. Ikigawanywa mara 960, hatua inashuka hadi milisekunde 0.52. Kwa anayetaka kuhifadhi mkono wa mtu, tofauti hiyo ina uzito, na kubadilisha mpangilio huo ni kazi ya sekunde chache kabla ya kuanza mradi.

Zipo njia za kati. Karibu kila programu inaruhusu kunyoosha kwa asilimia, ili nota isogezwe nusu ya safari tu. Nyingi zinaweza kuchukua mwendo wa rekodi halisi ya ngoma na kuufanya gridi. Prodyuza anayeanza na dakika mbili za msondo au chapuo zilizopigwa na fundi, kisha akaiamuru kompyuta ifuate mwendo huo, amefanya jambo la maana kuliko kununua vifurushi kumi vya midundo ya nje. Iliyo bora kwa maoni yangu ni kurekodi tena. Mpigaji yuko hapo, bafa iko chini, arudie beti mbili. Mara ya tatu kwa kawaida ndiyo yenye uhai, na haihitaji kuguswa.

Kuna kipengele kimoja cha programu ambacho ningetaka kila studio iwe nacho akilini. Cubase na Logic kwa muda mrefu zimekuwa zikikumbuka kimyakimya kila kinachopigwa hata kama hakuna aliyebonyeza kurekodi, na Ableton Live ikafuata katika toleo la 10 mwaka 2018. FL Studio nayo ina njia ya kuzirudisha nota zilizopigwa dakika chache zilizopita. Wapigaji wengi hutoa kitu chao bora wanapodhani bado wanapasha vidole moto, na taa nyekundu ikiwaka mabega yanakaza. Anayejua kuirudisha dakika ile iliyopita ameokoa nyimbo.

Jukwaani mambo hugeuka. Bendi nyingi za harusi na za kumbi sasa hupiga kwa kompyuta, na programu kama MainStage, ambayo Apple iliitoa mwaka 2007 pamoja na Logic Studio, imetengenezwa kwa kazi hiyo. MainStage inaweza kurekodi sauti inayotoka usiku huo, nayo ni faida kubwa, ila haiandiki nota kama Logic inavyofanya. Anayetaka vyote viwili hana budi kupeleka taarifa za MIDI kwenye programu ya pili au kompyuta ya pili inayorekodi sambamba. Nashauri ifanyike, kwa sharti kwamba kompyuta inayotoa sauti isiongezewe mzigo. Watu waliokuja kusikiliza wana haki ya kwanza kuliko kumbukumbu.

Sasa niseme jambo ninalolihofia kuliko kuchelewa na kunyooshwa kote. Faili ya MIDI haifai kuwa kumbukumbu ya pekee ya wimbo. Ala ya kompyuta ni programu, na programu zina maisha mafupi. Apple ilipoinunua Emagic, kampuni iliyotengeneza Logic, mwaka 2002, Logic ya Windows ilisimamishwa, na waliokuwa wakiitumia wakabaki na miradi isiyo na mwenyewe. Cubase iliacha ala za mfumo wa zamani wa biti 32 kwenye toleo la 9 mwishoni mwa 2016. macOS Catalina ya mwaka 2019 ilizifungia programu zote za aina hiyo. Ongeza kwetu nakala zisizo na leseni ambazo haziwezi kusakinishwa tena, diski zilizokufa kwa kukatika umeme, kompyuta zilizouzwa na kila kilichomo. Sauti ya Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay kurekodi mwaka 1928, bado tunaisikia kwa sababu santuri ilibeba sauti. Miradi mingi ya Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 haifunguki, na iliyobaki ni wimbo uliokwisha changanywa, tena mara nyingi kwenye MP3.

Hata programu ikiwa hai, taarifa zilezile hazirudishi sauti ileile. Programu nyingi za ala huchagua rekodi tofauti kila nota inaporudiwa, ili ngoma isisikike kama bunduki, na sinthesaiza nyingi hutikisa sauti kwa mzunguko usioanza mahali pamoja kila mara. Onyesho lililomfanya kila mtu studio atikise kichwa halitarudi hivyo hivyo kesho. Kulinasa siku ileile ndiyo njia pekee ya kulipata.

Wanaopinga husema kwamba kugeuza kila traki kuwa sauti kunafunga mlango wa mabadiliko na kunajaza diski. La kwanza halina nguvu: hifadhi vyote viwili, taarifa na sauti, kila kimoja na kazi yake. La pili tulipige hesabu. Sauti ya stereo ya biti 24 kwa sampuli 44,100 inakula kiasi cha megabaiti 16 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye traki 20 unafika gigabaiti 1.3 hivi. Diski ya nje ya terabaiti moja itabeba mamia ya nyimbo za namna hiyo. Ukilinganisha na gharama ya kumwita tena mpigaji ambaye huenda amehama mji au ametangulia mbele ya haki, diski hiyo ni ya bure.

Lipo pia suala la haki. Mkataba wa Shirika la Haki Miliki Duniani (WIPO) wa mwaka 1996 kuhusu maonyesho na rekodi za sauti unaihesabu kama rekodi hata ile inayohifadhi uwakilishi wa sauti badala ya sauti yenyewe. Nauelewa hivi: anayepiga ala ya kompyuta kwa mikono yake ni mwanamuziki mtendaji, kama mpiga gitaa, hata kama alichoacha kwenye faili ni namba. Katika studio zetu mara nyingi huhesabiwa kama msaidizi wa prodyuza. Jina lake halimo kwenye maelezo ya wimbo, wala halifiki kwenye taasisi zinazokusanya mirabaha ya watendaji. Prodyuza aliyeandika nota kwa kipanya na mpigaji aliyezipiga kwa saa nne wanaonekana sawa ndani ya mradi, na anayebaki na mradi ndiye anayebaki na sifa.

Kwa hiyo nawaomba maprodyuza, na ninyi wapigaji mnaoalikwa studio: kabla ya kuzima kompyuta usiku wa kurekodi, toeni kila traki ya ala ya kompyuta kuwa sauti kamili, ya biti 24, kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Wekeni faili ya MIDI ambayo haijanyooshwa kando yake. Andikeni kasi ya wimbo, mfumo wa sauti uliotumika, jina la programu na jina la aliyepiga, kwenye faili ya maandishi ya kawaida ndani ya folda hiyohiyo. Kisha mpigaji aondoke na nakala yake.